Chatu wa Daktari wa Ng'ombe

Daktari wa ng'ombe wa mtaa wetu alikuwa mtu wa kupiga. Naanza na hilo kwa sababu wanaomkumbuka kwa wema hupenda kuliruka, na wanaomkumbuka kwa ubaya hawana jingine la kusema. Alimpiga mchungaji aliyemfunga ngamia kamba hadi ikala nyama ya mguu. Alimpiga utingo wa lori katika soko la mifugo kwa kumburuta mbuzi kwa sikio, akampiga tena alipocheka. Alimzaba kofi mwanawe wa kwanza siku ya harusi yake, mbele ya wakwe, na hakuna aliyewahi kutueleza sababu. Mkono huohuo, ukifungua mlango wa wavu uliokuwa ndani ya nyumba yake, ulikuwa mwepesi kama wa mzazi anayemfunika mtoto aliyelala.

Nyuma ya wavu huo aliishi chatu. Aliishi Kiwanjani, ndani ya mji wa Isiolo, ukuta mmoja na kitanda changu, na mtaa mzima ulitaka afe. Daktari alitaka aishi. Nikitazama nyuma naona kwamba karibu kila jambo nililomwona mzee yule akilifanya, la huruma na la ukatili, lilikuwa sehemu ya vita hivyo.

Sitasimulia alikozaliwa wala alikuwa mwana wa nani. Mwenyewe aliyaona maswali hayo kuwa ya watu wanaotafuta mahali pa kukudharau. Inatosha kusema kwamba serikali ilimleta kutoka milima ya Meru akiwa kijana, ikamzungusha huku chini akichanja ng'ombe na kuhasi madume, na alipostaafu hakurudi milimani. Mimi nilimpata akiwa tayari mzee. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimerudi kufundisha jiografia katika shule moja ya mjini, nikiishi na mama yangu, mjane aliyeuza maziwa ya ngamia. Salamu ya kwanza aliyonipa Daktari ilikuwa swali.

"Wewe ndiye umesoma?"

"Nimesoma kidogo, Daktari."

"Basi nishikie hii."

Akanipa sungura aliyekufa, bado ana joto, akaingia ndani kutafuta koleo.

Sungura aliwafuga nyuma ya nyumba kwa ajili ya chatu, na aliwaua mwenyewe. Alimshika sungura kwa miguu ya nyuma, akamwacha aning'inie hadi atulie, kisha akampiga kisogoni kwa ukingo wa kiganja. Sauti ya pigo hilo ilikuwa kama ya kijiti kikavu kilichokanyagwa, nami niliisikia kupitia ukutani nikisahihisha mitihani, nikazoea, jambo ambalo bado linanisumbua kidogo. Majirani walisema ni ukatili. Kwamba heri angemwachia nyoka sungura akiwa hai, kama Mungu alivyopanga. Yeye alishikilia kwamba sungura mwenye hofu ana meno, na meno hayo hutoboa jicho la nyoka aliyefungiwa asiye na pa kukimbilia.

"Kifo nakitoa mimi," alisema. "Yeye nampa chakula."

Chatu huyo alimpata katika safari zake za mwisho za kazi, upande wa Garbatulla, akiwa mwembamba kama kamba ya kufungia ndama. Wachungaji walikuwa wamempiga mawe, ngozi ya ubavuni imepasuka, na mmoja alikuwa ameshainua jiwe la kumalizia. Daktari alimsukuma mtu huyo akaanguka kwenye moto wa chai. Kisha akaketi palepale chini, akamshona nyoka kwa uzi uleule wa kushonea ng'ombe, huku mtu wa watu akilia pembeni na mkono umeungua. Hadithi hii aliisimulia mwenyewe, bila aibu na bila majigambo, kama unavyosimulia hali ya barabara. Kibali cha kumfuga alikuja kukipata baadaye kwa maofisa wa wanyamapori. Alikitundika ukutani karibu na kalenda ya kanisa, lakini kibali hakisomwi na mtu aliyeshika rungu.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, na kilicho bora kilikuwa cha nyoka. Kizimba cha wavu kilijaza nusu nzima, na ndani yake alikuwa ameusimamisha mgunga mkavu, shina na matawi, kama mtu anavyosimamisha nguzo ya nyumba. Kazi ya kuuandaa niliishuhudia. Aling'oa miiba yote kwa koleo la kwato, mwiba baada ya mwiba, lakini gome hakuligusa. Gome, alisema, ndilo ngazi. Mti laini ni kaburi lililosimama, maana chatu mzito akianguka mbavu huvunjika kimyakimya na wewe hujui mpaka anaacha kula. Kila tawi alilijaribu kwa kuning'inia mwenyewe, mzee mzima, viatu vikiwa hewani.

"Tawi lisilonibeba mimi halimbebi yeye."

Chini alitandika mchanga na magunia. Dari aliibomoa, ili alasiri akifungua mlango wa kizimba chatu aweze kupita kutoka kwenye mti hadi kwenye boriti, chini ya mabati, mahali penye joto. Pembeni, katika masanduku ya kioo, aliwaweka nyoka wa nyumba, wale wadogo wa kahawia wanaokula panya, nao aliwapa vijiti vya kupanda, kila mmoja kwa kimo chake.

Kupanda ndiko kulikokuwa dini yake ya pili. Angeweza kukukalisha kwenye kiti cha plastiki alasiri nzima umtazame chatu akipanda, na ole wako usinzie. Nakiri kwamba ni jambo la kutazamwa. Nusu ya nyuma ilishika shina kama ngumi. Nusu ya mbele ikanyooka hewani, ikatafuta, ikapata tawi, ikalishika. Ndipo ngumi ya nyuma ilipofunguka na kuvutwa juu, polepole, bila haraka, kama mtu anayevuta maji kisimani. Alipokuwa mdogo alifika kileleni ghafla. Alipokuwa mkubwa na mzito alipanda kwa kupumzika, lakini alipanda.

"Akipanda ana raha," Daktari aliniambia. "Nyoka anayelala chini siku zote ni mgonjwa, au ni mshipi."

Na kweli alipanda kuliko chatu yeyote wa umri wake niliyewahi kusoma habari zake, maana nami nilikuwa nimeanza kusoma. Hata mlango wa kizimba ukiwa umefungwa alipanda wavu wenyewe, akisukuma pua kwenye matundu, kutoka kona hii hadi kona ile. Pua ilichubuka, ikapona, ikachubuka. Daktari aliipaka mafuta ya vidonda vya chuchu za ng'ombe, akiimba wimbo wa kanisani kwa Kimeru, na akinilalamikia ubora wa wavu wa siku hizi.

Kanisani kwenyewe alikuwa mzee wa heshima hadi Jumapili moja mhubiri mgeni alipofika kwenye habari za nyoka na bustani. Mhubiri alisema nyoka alilaaniwa atembee kwa tumbo, na waumini wakaitikia. Daktari akasimama katikati ya safu.

"Kutembea kwa tumbo ni laana?"

"Ndivyo neno linavyosema, mzee wetu."

"Huko nje kuna mgunga. Toka, upande bila mikono na bila miguu, sisi tukutazame. Ukishindwa, rudi utuambie ni nani aliyelaaniwa."

Watu walicheka kwa kuinamisha vichwa. Wakati wa chai, mhubiri alipomfuata kumtaka atubu, Daktari alimtia kikombe usoni, na kikombe kilikuwa cha bati. Uzee wa kanisa ukaishia hapo. Aliendelea kuhudhuria, akikaa nyuma, na sadaka yake haikupungua. Hilo nililisikia kwa mama mmoja wa kanisa hilo aliyekuwa mteja wetu wa maziwa.

Mama yangu hakumpenda Daktari, lakini alimheshimu chatu. Alikuwa Mborana, na katika ukoo wake nyoka aliyeingia nyumbani hapigwi: humiminiwa maziwa kizingitini, akaambiwa kwa adabu aende na amani. Shehe wa mtaa alikuwa amemwonya juu ya mambo hayo ya wazee. Hakubishana naye. Aliendelea tu kumimina tone la maziwa kwenye mlango wa Daktari kila alipopita na mitungi yake.

"Mama Halima," Daktari alimwambia siku moja, "nyoka hanywi maziwa."

"Sikumpa anywe. Nimemsalimu."

"Na mimi je?"

"Wewe nakusalimu kila asubuhi, salaam aleikum, salaam aleikum, na jioni nasikia umepiga mtoto wa watu. *Bofa* hajawahi kupiga mtu." *Bofa* ni nyoka katika lugha yetu.

"Binadamu anajibu kwa mdomo," Daktari alisema. "Ndiyo maana namgonga hapo."

"Iko siku watakujibu kwa mikono, wewe *jarsa*." *Jarsa* ni mzee, na mama alilitamka neno hilo kwa namna ambayo lingeweza kuwa heshima au tusi.

Siku hiyo ilifika Jumapili, mchana, watu wakiwa wametoka ibada. Mutuma, mwenye bucha ya kona, alikuwa amepoteza mbuzi jike mwenye mimba. Mutuma alikuwa mtu wa kwao Daktari, wa milima ileile, na walizoea kutaniana kwa Kimeru juu ya uzani wa nyama. Alipofika mlangoni siku hiyo na umati nyuma yake, alizungumza Kiswahili ili wote wasikie.

"Daktari, toa hiyo nyoka."

"Mbuzi yako haiko hapa."

"Iko ndani ya tumbo ya hiyo nyoka."

"Chatu akila mbuzi, tumbo linaonekana mpaka Nanyuki. Ingia peke yako utazame."

"Hatuingii mmoja mmoja."

"Najua. Mmoja mmoja hamna ujasiri."

Kijana mmoja mwenye simu mkononi, akiwa tayari anarekodi, alisogea mbele. "Buda, toka njia. Hatutaki noma na wewe, tunataka hiyo chatu tu."

Daktari alimpiga kwa fimbo juu ya kifundo cha mkono. Simu iliruka. Nilikuwa mlangoni kwetu na nilisikia mfupa. Baada ya hapo sikuweza tena kutenganisha sauti. Rungu lilimpata Daktari begani, jingine mkononi, ule mkono wa kulia, nao ukaning'inia papo hapo kama tawi lililovunjwa lakini halijakatika. Alianguka kwenye kizingiti chake, ndani ya unyevu wa maziwa ya asubuhi. Walimpiga mateke ya mbavu. Mwanamke ninayemjua, ambaye Daktari aliwahi kuokoa ng'ombe wake wawili, alimkanyaga kiganja kwa kisigino, akarudia, uso wake mtulivu kabisa kama anayeponda tumbaku. Mama yangu alipita katikati yao akiwa na mtungi, akaketi juu ya mgongo wa mzee.

"Mpigeni basi," alisema. "Anzeni na mimi. Mimi ni mwepesi, nitakufa haraka."

Hawakumgusa mama. Waliwaruka na kuingia ndani, nami nikaingia nyuma yao, nikidhani naweza kuzuia jambo.

Vioo vya nyoka wadogo vilivunjwa kwa jembe. Nyoka wale walikatwakatwa sakafuni, na vipande vikaendelea kujipinda, na kwa kuwa vilijipinda vilikatwa tena, hata pasibaki cha kukata. Kizimba kilikuwa wazi. Daktari alikuwa amekifungua kabla ya kutoka nje. Chatu hakuwemo. Basi wakamtafuta, na walimtafuta chini. Walipindua kitanda. Walimwaga pipa la maji. Walichimba mchanga wa kizimba, wakachana magunia, wakatumbukiza mwenge wa gazeti katika shimo la choo. Sisi watu wa nchi hii tambarare humkuta nyoka kwa mguu. Tangu utotoni tumefundishwa kutazama tunapokanyaga, chini ya kijiti, nyuma ya jiwe, ndani ya kiatu, na umati ule ulikuwa umejaa wachungaji na watoto wa wachungaji. Kulikuwa na mti mzima ndani ya chumba. Waliuangusha ili watazame chini yake.

Mimi niliinua macho, labda kwa kuwa nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti kile cha plastiki alasiri nyingi mno. Alikuwa amejinyoosha juu ya boriti, urefu wake wote, rangi yake na ya mbao iliyoingia moshi ikiwa moja, na ubavu wake ulikuwa ukipanda na kushuka juu ya kichwa cha Mutuma. Niliyashusha macho yangu. Mlangoni, Daktari alikuwa amelala kifudifudi chini ya mama yangu, damu ikimtoka mdomoni, akiitazama sakafu kwa nguvu zake zote.

"Mwalimu, umeiona?" Mutuma aliniuliza.

"Imetoka kwa dirisha," nikasema. "Imeenda laga."

Walikimbia wote kwenye laga, ule mto wetu wa mchanga usio na maji. Walichoma vichaka. Kenge alitoka kwenye moshi wakamwua kwa mawe, wakampitisha mtaani juu ya fimbo, na picha zake zikajaa katika kundi la WhatsApp la Kiwanjani. Jioni yule mbuzi alirudi mwenyewe pamoja na kundi la jirani mwingine, ameshiba, akasimama mlangoni pa bucha akitafuna.

Hakuna aliyeomba msamaha. Hospitali ilimfunga Daktari plasta, naye akaikata mwenyewe kabla ya wakati kwa kisu cha kwato, na mfupa ukaunga vibaya. Siku aliyoikata alikwenda bucha wakati wa wateja wengi. Nilikuwa kwenye foleni. Alimpiga Mutuma mdomoni kwa mkono wa kushoto, pigo moja lisilo na maneno, na jino likaanguka kwenye mizani. Kisha akasimama mahali pake kwenye foleni.

"Nusu kilo," alisema zamu yake ilipofika. "Bila mfupa."

Mutuma alimkatia, damu ikimtiririka kidevuni, na akamchagulia mahali pazuri. Nimewaza sana juu ya kile nilichokiona hapo. Nilipokuwa kijana ningekiita ushenzi. Sasa sijui. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile wawili hao walitaniana tena kwa Kimeru, na kwamba yule kijana wa simu, aliyevunjwa mkono, hakuwa na mtu wa kumpiga ili yaishe, akaondoka Isiolo na hasira yake.

Mwenye nyumba alimtaka Daktari ahame. Alihamia Ngaremara, kaskazini mwa mji, kando ya barabara kuu, katika nyumba ya mawe yenye stoo. Chatu alisafirishwa ndani ya gunia la mahindi. Nilimtembelea mara chache, kisha kazi na ugonjwa wa mama vikanizuia, na mama alipofariki Daktari alikuja mazikoni, akasimama mbali na wanaume wengine, akaondoka bila kula.

Mara ya mwisho aliniita kwa simu.

"Una gari bado?"

"Ninalo."

"Njoo nalo. Usije na mtu."

Nilimkuta ameketi stooni mbele ya wavu mpya. Mkono wa kulia ulikuwa umekauka, vidole vimejikunja. Ndani ya kizimba palikuwa na tawi moja tu, la kununuliwa, laini. Hakuweza tena kukata mti wala kuning'inia. Chatu alikuwa juu ya wavu, pua kwenye matundu, akienda kona hii na kona ile, na pua hiyo ilikuwa jeraha tupu.

"Mtazame," alisema.

"Anapanda bado."

"Hapandi. Anatafuta mlango. Ng'ombe akisugua pembe kwenye boma mimi namjua anataka nini. Mbuzi, ngamia, namjua. Huyu nimempaka mafuta puani miaka yote hii, na sijauliza pua inaenda wapi. Nilikuwa nakaa hapa kwa kiti nafurahi. Nawaita watu waone raha."

Nilitaka kumwambia jambo la kumfariji, na nikaona kwamba yote niliyoyajua kutoka vitabuni yalimuunga mkono. Nilikuwa nimeyasoma zamani. Sikuwa nimemwambia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mzee yule jambo.

"Hapa pia wameanza kusema mtoto wa fulani ameota nyoka," aliendelea. "Wakija, mimi sina mkono. Wale wa wanyamapori watamtia katika kizimba kingine. Twende mtoni."

Tulimpeleka Ewaso Nyiro, mahali ambapo migunga mikubwa husimama ukingoni na nyumba hakuna. Ilikuwa mchana. Tulilifungua gunia chini ya mti ambao Daktari aliuchagua kwa kuukwaruza gome kwa ukucha. Chatu alitoka, akajikunja juu ya mchanga, katikati ya njia ya mifugo, na kutulia. Hakuwa ameguswa na upepo tangu utotoni. Ulimi ulitoka na kurudi.

"Panda," Daktari alimwambia.

Alimnyanyua kwa mkono mmoja, nami nikashika mkia, tukamwegemeza kwenye shina. Aliteleza akarudi mchangani. Tulimwegemeza tena. Alijikunja kwenye miguu ya Daktari na kuweka kichwa juu ya kiatu chake.

Ndipo tuliposikia kengele za mbuzi. Wachungaji walikuwa wakileta kundi kunywa maji, bado nyuma ya minara ya mchwa, na sauti zao zilifika kabla yao. Watu wa mifugo wakikuta chatu njiani hawaulizi ni wa nani.

Daktari alirudi nyuma, akaokota jiwe, akampiga nalo.

Lilimpata katikati ya mwili. Chatu aliinua kichwa. Daktari alimpiga kwa jingine, kisha akachukua tawi lililokuwa limeanguka na kumchapa mkiani, tena na tena, kwa mkono wa kushoto, bila ustadi, akimtukana kwa Kimeru kwa maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia hata mtu. Ngozi ilipasuka. Nilimwambia aache na hakunisikia. Chatu alimrukia na kumng'ata juu ya kiwiko cha kulia, akang'ang'ania, na mzee hakupiga kelele. Aliyapanua mataya yake kwa vidole, akamtupa dhidi ya shina, akainua tawi kumchapa tena.

Akapanda. Ngumi ya nyuma ilishika, ya mbele ikanyooka, na damu yake ikabaki kwenye gome kwa mafungu. Alipanda haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akapita panda ya kwanza na ya pili, akaingia kwenye majani, na tawi moja likainama kisha likatulia.

Mbuzi walitupita pande zote. Mchungaji wa mbele alikuwa mtu mzima, Mturkana, na kibao cha kukalia mkononi. Alisimama mbele ya Daktari, akautazama mkono uliotoboka na shati lililolowa.

"Mzee, habari? Hii damu ni ya nini?"

"Nimekosana na mtu wangu wa nyumbani."

"Amekung'ata?"

"Nilimpiga."

Mchungaji alitikisa kichwa, kama anayelijua jambo hilo. "Usimfuate leo. Akipoa atarudi."

"Asirudi," Daktari akasema.